Kinda Aliyemeza Hereni

Binti yangu Liwen aliingia jikoni amekumbatia sweta kifuani kama mtu aliyeficha mkate wa moto, na hiyo sweta ilikuwa inapiga mluzi.

"Usiniulize," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sijauliza."

"Unataka kuuliza."

Akapiga magoti karibu na jiko, akafungua sweta. Alikuwemo kinda wa choike, mbuni wetu wa nyanda hizi, mwenye mistari ya kahawia mgongoni na miguu mirefu asiyojua bado aiweke wapi. Mbwa wa jirani walikuwa wamelitawanya kundi lao asubuhi ile. Liwen aliona yote akiwa juu ya jabali na kondoo wa bibi yake. Baba wa makinda aliwakimbilia mbwa mpaka mbele ya pua zao, akainua bawa moja, akawa anakata kona huku na huku kama mlevi ili wamfukuze yeye wawaache watoto. Alipowachosha akarudi, akaita, akawakusanya waliojitokeza, akaenda nao. Huyu mmoja hakujitokeza. Alikuwa amejibanza chini ya kichaka, anatetemeka.

"Anaitwa nani?" nikauliza, nikidhani hilo ndilo swali lisilo na ugomvi.

"Guacho."

Mikono yangu ikasimama ndani ya unga. Huku kwetu guacho ni mwanakondoo aliyefiwa na mama, ni mtoto wa farasi anayenyweshwa kwa chupa, ni yai lililotagwa nje ya kiota. Na ni neno ambalo watu, wakidhani husikii, humwitia mtoto ambaye baba yake hajulikani aliko.

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Dukani. Yule mama wa kwenye mizani alimwambia mwenzake, 'Yule pale ndiye guacha wa Delmira.' Kwa hiyo sasa tuko wawili."

Delmira ni mimi, na guacha ni guacho wa kike. Liwen alisema bila uchungu wowote, kama msichana aliyegundua kuwa yeye na mwenzake wana makoti ya rangi moja. Nikarudi kwenye unga. Nilikanda mpaka mama yangu, Orfelina, akaniuliza kutoka kitini kwake lile donge lilikuwa limenikosea nini.

Baba yake Liwen alikwenda mji wa Comodoro kwenye visima vya mafuta kabla binti hajazaliwa, akasema atatuma habari. Upande huo sina la kuongeza. Ila kiangazi hicho alikuwepo mtu mwingine aliyetaka kuongeza lake.

Huyo ni Eliseo Huenuqueo, fundi wa mitambo ya upepo, ile inayozungusha mapanga yake juu ya visima na kuvuta maji ya kondoo. Nilimfahamu shuleni, nilipokuwa nikienda darasa la jioni la watu wazima na yeye akitengeneza pampu ya shule. Mikono yake ina grisi ambayo sabuni imeshakata tamaa nayo. Alikuwa ameniomba tuhamie kwake Mallín Hondo kabla ya baridi, mimi na Liwen. Nami nilimjibu kama moyo wangu ulivyokuwa.

"Mimi peke yangu ningekuwa nimeshafunga mizigo. Lakini siwezi kumhamishia mwanangu nyumba ya mtu asiyesema naye. Siku atakaposema na wewe, wewe mwenyewe, hata neno moja, nitakupa jibu."

"Neno lolote?"

"Lolote."

"Hata tusi?"

"Hata tusi, Eliseo."

Maskini, alilisaka hilo neno kama mtu anayemkimbiza kuku uwanjani. Alileta pipi. Alileta mtambo mdogo wa upepo aliouunda kwa makopo. Alimwita "malkia," akamnyanyua juu akamzungusha, na Liwen alipowekwa chini akaenda moja kwa moja chini ya meza, akakaa huko mpaka mgeni alipoondoka. Si kwamba alimchukia. Alikuwa tu hasemi naye. Akiwa na jambo la kumwambia, aliniambia mimi, hata kama tumesimama watatu tumegusana mabega.

Jumapili moja Eliseo alikuja na hereni. Zilikuwa ndogo, za fedha, umbo la tone la maji. Akapiga goti sakafuni akazinyoosha mbele kwenye kiganja. Liwen akazichukua.

"Mwambie asante," akaniambia.

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo mbele yako?"

"Mwambie kwamba mama kasema yuko hapo mbele yangu."

Mama yangu akacheka mpaka kibuyu anachonywea chai kikamtikisika mkononi. Liwen akaingia chini ya meza na Guacho wake. Tukaendelea na maandazi. Baada ya muda tukasikia mdomo wa ndege ukigonga sakafu, tak, tak, kisha kimya.

"Liwen," nikaita, "nione zilivyokukaa."

Akatoa kichwa. Sikio moja lilikuwa na hereni.

"Na ya pili?"

"Guacho kaipenda."

"Kaipendaje?"

"Kaimeza."

Choike ndivyo alivyo. Hana meno, kwa hiyo humeza vijiwe vya kumsagia majani tumboni, na hachagui sana jiwe ni lipi. Msumari, kipande cha chupa, chochote kinachong'aa humtia wazimu. Lakini mezani kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba hereni ile haikuokotwa na ndege. Alikuwa amepewa.

Eliseo alicheka, akapangusa magoti. Nilimwona, hata hivyo, akikitazama kile kiganja chake kitupu.

"Usihuzunike, mkwe," mama akamwambia. "Itatokea upande wa pili."

"Umeniita mkwe, mama."

"Ulimi umeteleza. Kula andazi."

Siku za mwanzo Guacho alikula vizuri. Liwen alimtafutia majani laini na nzi, akampa maji kwa kifuniko. Kisha polepole kinda akaacha kula. Alikuwa akisimama katikati ya jikoni anapiga ule mluzi wao mrefu unaoshuka mwishoni, ananyamaza, ananyoosha shingo kusikiliza, halafu anapiga tena. Hakuna aliyemjibu. Liwen alijifunza mluzi ule akawa anamjibu yeye, mpaka midomo ikampasuka kwa upepo na ukavu, lakini kinda alimtazama tu kwa adabu, kama mtu anayesikia lugha yake ikisemwa vibaya.

Mahali alipopapenda ni kando ya ndoo mpya ya bati. Alilala ubavu wake umegandamana na ndoo. Nilidhani anatafuta ubaridi, hadi nilipoinama kuokota kitambaa nikaona anachokiona yeye. Mle kwenye bati kulikuwa na kinda mwingine, wa mistari, amelala ubavu.

Nilimwambia mama.

"Huyo haumwi," akasema. "Hana wenzake, basi. Choike hajaumbiwa kuwa mmoja. Nimeshawaona hivi: wanasimama, wanaita, siku moja hawaiti."

"Nikimtafutia mama yake?" Liwen akauliza.

"Mama yake? Mama wa choike hutaga mayai akaenda zake kwa dume mwingine, hata nyuma hageuki. Baba ndiye hulalia, ndiye huangua, ndiye hutembea nao mpaka wakue."

"Baba?"

"Baba."

Kidole cha Liwen kikawa kinazunguka ukingo wa ndoo.

Jioni hiyo Eliseo alipita kuchukua bisibisi aliyoisahau. Alimtazama kinda na safari hii hakumwita mtu malkia wala hakuleta pipi. Alisema na mimi, kwa sauti ya kazi.

"Pale Pozo Salado, kwenye kisima ninachotengeneza, kuna dume mwenye watoto. Kimo chao ni hiki hiki. Wakishampita huyu kwa ukubwa, dume hatampokea tena, atamwona mgeni. Kama ni kumpeleka, ni sasa."

"Mwambie hapana," Liwen akasema kutoka sakafuni.

"Nimesikia," Eliseo akanijibu mimi, akachukua bisibisi yake.

Alikuwa ameshafika kwenye pikapu Liwen alipokuja mbio mpaka mlangoni, akanivuta sketi.

"Mwambie kesho," akasema. Uso ulikuwa umeloa wote. "Mwambie kesho asubuhi, lakini mwambie si kwa sababu yake."

Nikamwambia kama nilivyotumwa, neno kwa neno.

Katika pikapu kuna kiti kimoja kirefu. Liwen alinitanguliza mimi nikae katikati, yeye akabanwa dirishani na sweta yake inayopiga mluzi. Tulikwenda hivyo njia nzima, vumbi likiingia mahali pote.

Dume alikuwepo. Tulimwona toka mbali, nyuma ya kisima, kijivu juu ya nyasi ngumu za manjano, na watoto wakimzunguka miguuni kama majani yanayopeperushwa. Tuliacha gari tukaenda kwa miguu. Hatukufika popote. Akainua kichwa, akatoa mlio mzito, na lile kundi zima likaondoka, yeye mwisho, bawa moja juu, kona huku, kona kule. Tukazunguka upande wa upepo. Akaondoka tena. Tukajificha nyuma ya birika la kunyweshea kondoo. Hapo akatutazama kabisa, kama anayesema nawaona, halafu akaondoka.

Jua lilikuwa limepanda na Guacho alikuwa hapigi tena mluzi. Liwen alifungua sweta akachungulia, akafunga.

"Mwambie tunamtisha," akaniambia. "Mwambie tukimkimbiza hatasimama."

Eliseo alikuwa ameegemea nguzo ya seng'enge. Niliona neno lile likimwingia. Alimtazama binti yangu, kisha akatazama chini, akakuna ndevu. Nadhani alikuwa anafikiri juu ya choike. Nadhani.

Halafu akanigeukia.

"Mwambie naomba kofia yake nyekundu."

Liwen akashtuka. Mchezo ulikuwa wake peke yake, na sasa kuna mtu ameuingia.

"Mwambie ya nini?"

"Mwambie nataka kuivaa."

"Mwambie kichwa chake ni kikubwa."

"Mwambie siivai kichwani. Naivaa mguuni."

Liwen alinitazama, akamtazama yeye kwa pembe ya jicho, akavua kofia akanipa, nami nikampa Eliseo aliyekuwa amesimama karibu naye kuliko mimi. Eliseo akakivisha kiatu chake cha kulia kofia ile. Akatembea hivyo, akichechemea, mpaka kwenye uwazi kati ya vichaka, akalala chali, akainua miguu yote miwili juu akaanza kuipiga hewani kama kondoo aliyepinduka.

Ni hila ya zamani, wanaifanya wachungaji. Choike ni mwoga lakini udadisi wake unaushinda woga. Hawezi kuona kitu asichokielewa akakiacha hivi hivi. Lakini nilikuwa sijawahi kuiona ikifanywa na mtu mzima mwenye ndevu na kofia ya mtoto kiatuni, na ilibidi nijifiche nyuma ya kichaka nikiwa nimeziba mdomo.

Liwen hakuziba mdomo. Alicheka kile kicheko chake cha kukwaruza ambacho kilikuwa hakijasikika nyumbani tangu kinda aache kula.

Dume akasimama. Shingo ikanyooka, ikapinda kulia, ikapinda kushoto. Akaja kidogo, akasimama tena. Hapo akakwama. Eliseo alipiga miguu, kofia ikayumba, lakini ndege hakusogea zaidi.

Sijui nini kilimtuma mwanangu. Hakuitwa. Alikwenda akiwa ameinama, sweta kifuani, akalala chali kando ya Eliseo juu ya changarawe, akainua miguu yake miwili myembamba, soksi moja imeshuka. Eliseo hakugeuza kichwa. Alisogeza tu mkono wake ili mtoto apate mahali.

Sasa ilikuwa miguu minne, na hiyo ilizidi uwezo wa choike yeyote. Akaja. Alikuja akiinua magoti juu, watoto nyuma yake, mpaka kivuli cha shingo kikawaangukia wale wawili. Akainama juu ya kifua cha Eliseo, akatazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Kulikuwa na kifungo cha bati kwenye shati. Tak. Kifungo kikaenda.

"Eliseo."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini nilikuwa karibu na upepo ulikuwa unakuja upande wangu. Niliuma kidole changu.

"Eliseo, atampiga?"

Mtu huyu, aliyetumia kiangazi kizima kulisaka neno moja, hakulishangilia. Hakugeuka hata.

"Sijui," akasema polepole. "Nimeshaona wakipokea. Nimeshaona pia wakifukuza. Akimfukuza, tunamchukua tunarudi naye nyumbani."

"Na akimpokea?"

"Hatutarudi naye."

Angeweza kumwambia usiogope. Mimi ningemwambia. Liwen hakushusha miguu. Mle ndani ya sweta Guacho alikuwa amewasikia wenzake. Akapiga mluzi, ule mrefu unaoshuka mwishoni, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, akajibiwa. Akajibiwa na wengi.

Liwen akafungua sweta.

Kinda akatoka mbio, akaanguka, akainuka. Dume akarudi nyuma, manyoya yakamvimba, akafungua mdomo akatoa sauti kama mvuke wa birika la chai. Akainua mguu mmoja, ule wenye vidole vitatu na kucha. Nilifumba macho, nasema kweli, nikamwachia mwanangu aone peke yake.

Nilipofumbua, mguu ulikuwa chini, pembeni kidogo. Guacho alikuwa amepita katikati ya miguu yote miwili akafika upande wa pili. Dume alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kama alivyotazama kifungo. Halafu akageuka akaanza kuondoka. Hakumkumbatia, hakumfanyia sherehe. Alipunguza mwendo tu, na wote wakawa wanamfuata.

Liwen alisimama.

"Yuko wapi? Yule? Hapana, yule si... Eliseo, Guacho ni yupi?"

Eliseo aliinuka akakaa, shati limefunguka, changarawe imejaa nyweleni. Akawapitia mmoja mmoja kwa macho.

"Simwoni guacho pale," akasema. "Naona watoto wa choike tu."

Ndipo Liwen akalia. Alilia amesimama wima, mikono imelegea, sweta tupu imefunguka. Nilitaka kukimbia kwake na nikaona Eliseo naye ametaka kumnyanyua. Mikono yake ilikuwa imeshaondoka magotini. Akairudisha. Akavua kofia kwenye kiatu, akaikung'uta vumbi, akampa. Kisha akaanza kurudi kwenye gari taratibu, bila kuita, bila kuangalia nyuma. Liwen akajipangusa pua kwa kofia, akatazama nyasi mara moja zaidi, akamfuata. Alipomkaribia akakimbia kidogo ili walingane.

Nilitembea nyuma yao.

"Ameondoka na hereni yangu," Eliseo akasema.

"Siyo yako. Ulinipa mimi."

"Kweli. Samahani. Na kifungo je?"

Liwen akafikiri.

"Kifungo ni chako. Hicho kakuibia."

Liwen akapiga teke kijiwe. Kisha: "Kwako wapo?"

"Choike? Wapo. Wanakuja kunywa asubuhi."

"Madume wenye watoto?"

"Kiangazi, ndiyo."

"Na umewahi kuwakimbiza?"

"Siku hizi siwakimbizi," Eliseo akasema.

Kwenye pikapu nilifungua mlango nikasubiri, kwa mazoea, nitangulizwe. Liwen akapita chini ya mkono wangu, akapanda, akajisogeza mpaka katikati. Nikakaa dirishani. Eliseo akawasha gari, upepo ukaingia ukamfungua shati kwenye ile nafasi ya kifungo, akawa anaendesha kwa mkono mmoja na kujishika kifua kwa wa pili.

Liwen alimtazama mpaka tukapita geti la kwanza. Halafu akamgusa kiwiko.

"Eliseo, mwambie mama akushonee kifungo."

Eliseo aliendelea kutazama barabara.

"Delmira," akasema, "nimetumwa nikuambie unishonee kifungo."

"Mwambie nitamshonea," nikamjibu mwanangu. "Lakini vifungo vyangu vyote viko nyumbani, kwenye lile kopo la biskuti. Mwambie itabidi tuje nalo Mallín Hondo, kopo zima."